Kukataa Bila Silaha: Habari za Kambi ya Hola

Katika semina zetu swali moja hurudi kila mara: mtu mnyonge, asiye na silaha wala pesa wala mtu wa kumsemea, akionewa na serikali nzima afanye nini? Wengi hujibu haraka kwamba njia ni mbili tu, kupigana au kunyamaza. Sisi tunasema iko njia ya tatu, na tena ilipitiwa hapa hapa kwenye mto wetu. Maji tunayochota Ozi yamepita Hola kwanza.

Njia hiyo ni ya mambo madogo madogo ya kila siku. Mtu anakatazwa kusoma, anasoma. Anapewa chakula kisichotosha, anamgawia mgonjwa. Anaambiwa ataje kosa ambalo hakulifanya, anakaa kimya. Anaambiwa yeye ni mnyama, basi anaoga, anachana nywele, anamwamkia mwenzake kwa heshima. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloangusha serikali siku hiyo. Lakini yule anayetesa hataki mwili tu. Anataka na moyo, na huo ndio anaonyimwa.

Tuanze mbali kidogo ndipo tuje kwetu. Katika vita vikuu vya pili, serikali ya Hitler ya Ujerumani iliwafungia Wayahudi wa mji wa Warsaw, nchini Poland, ndani ya mtaa mmoja uliozungushiwa ukuta. Hiyo ilikuwa mwezi wa Novemba 1940, na watu waliosongamana humo walizidi 400,000. Njaa na homa ya chawa viliua maelfu kabla hata ya kupelekwa kwenye kambi za mauaji. Sasa sikilizeni walivyofanya. Kila jumba lilichagua kamati yake. Kamati ilikusanya senti na mabaki ya chakula, ikaangalia mayatima na wagonjwa wa jumba lile. Shule zilipigwa marufuku, kwa hiyo watoto walifundishwa kwa siri mahali pa kugawia supu, na mlinzi alikaa mlangoni. Chama kikubwa kilichosimamia misaada hiyo kiliitwa Aleynhilf, neno ambalo kwa lugha yao maana yake ni kujisaidia wenyewe. Ndiyo, ndugu zangu: kikundi cha kujisaidia, kama chenu.

Mmoja wa viongozi wa chama kile alikuwa mwalimu wa historia, jina lake Emanuel Ringelblum. Mchana alishughulika na misaada. Pamoja na wenzake alikusanya pia kila karatasi iliyoeleza maisha ya mle ndani: barua, bei za mkate, insha za watoto, majina ya waliokufa. Walipoona mwisho umekaribia, waliyafukia makaratasi hayo ndani ya masanduku ya bati na madebe ya maziwa. Ringelblum mwenyewe aliuawa mwaka 1944. Masanduku yalichimbuliwa mwaka 1946, na madebe mawili mwaka 1950. Ndani yalikuwamo maelfu kwa maelfu ya kurasa, na leo ulimwengu unajua yaliyotendeka Warsaw kwa maneno ya waliotendewa, si kwa maneno ya watesi wao pekee.

Sasa turudi kwetu.

Hola Ilikujaje

Vijana wengi wakisikia Hola hufikiria makao makuu ya kaunti, au ile skimu ya kunyunyizia maji mashamba. Skimu hiyo ilianzishwa mwaka 1953, na mikono iliyochimba mifereji yake ilikuwa ya wafungwa.

Tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari kwa sababu ya vita vya Mau Mau. Tuseme mapema kwamba hatuandiki ili kumtakasa mtu yeyote. Mau Mau nao waliua watu, na kati ya waliouawa walikuwamo Wakikuyu Wakristo waliokataa kula kiapo, pamoja na wanawake na watoto wa Lari usiku wa tarehe 26 Machi 1953. Lakini adhabu ya serikali haikuwaangukia wapiganaji wa msituni tu. Iliangukia taifa zima. Zaidi ya watu milioni moja wa Ukikuyuni waliondolewa makwao wakakusanywa katika vijiji zaidi ya 800 vilivyozungushiwa mahandaki na ulinzi. Na kufikia mwisho wa mwaka 1954, watu zaidi ya 70,000 walikuwa kizuizini. Wengi wao hawakusimama mbele ya hakimu yeyote. Kukamatwa kulitosha.

Kambi zilitawanywa nchi nzima: Manyani, Mackinnon Road, Athi River, Mageta ndani ya ziwa, Kamiti ya wanawake. Kwetu pwani palikuwa na kambi kisiwani Manda, jirani na Lamu, na hii ya Hola. Mtu alihamishwa kambi hadi kambi kulingana na alivyokiri. Aliyekiri kiapo na kukubali kufanya kazi alisogezwa karibu na nyumbani. Aliyekataa alisukumwa mbali, huku kwenye joto na mbu. Kwa hiyo waliofika Hola katika kambi iliyofungwa ndio wale ambao kila njia ilikuwa imeshindwa kuwainamisha.

Je, ni haki kulinganisha kambi hizi na za Ujerumani? Tulijadiliana sana hapa ofisini. Hitler alikusudia kuwamaliza Wayahudi wote duniani, na aliua kama milioni sita. Wakoloni wa Kenya hawakuwa na kusudi hilo, na hatutaki mtu aseme kwamba mambo haya ni mamoja. Lakini ulinganisho wenyewe haukuanza na sisi. Mwaka 1953 mwanasheria wa serikali ya Kenya, Eric Griffith-Jones, alimwandikia gavana kwamba mateso ya wafungwa yanamkumbusha kwa uchungu hali ya Ujerumani ya Hitler. Miaka minne baadaye bwana huyo huyo alisaidia kutunga kanuni za kuruhusu wafungwa wapigwe. Ndivyo mtu anavyoweza kuzoea.

Maisha Nyuma ya Seng'enge

Tunajua mengi juu ya maisha ya ndani kwa sababu wafungwa wenyewe waliandika. Josiah Mwangi Kariuki, yule mbunge aliyeuawa mwaka 1975, alipitia kambi nyingi na akatoa kitabu mwaka 1963. Anaeleza jinsi wafungwa wa Manyani walivyojipanga. Kila ua ulichagua viongozi wake na kujiwekea sheria. Walihukumu ugomvi wao wenyewe ili askari asipate nafasi ya kuwagawanya. Waliojua kusoma waliwafundisha wasiojua, na pasipokuwa na karatasi, ardhi ilikuwa ubao na kijiti kilikuwa chaki. Wapo walioingia kizuizini hawajui hata herufi moja wakatoka wanaandika barua.

Hebu tusimame hapo kidogo, maana madarasa ya ngumbaro tunayajua sote na tunajua yanavyokufa. Mwalimu hakulipwa, wanafunzi wanaacha wakati wa kuvuna mpunga, daftari zimekwisha. Hatusemi hivyo kuwalaumu. Lakini inafaa kujua kwamba lipo darasa lililoendeshwa na watu wenye njaa, wakiogopa viboko, na halikufungwa.

Jambo jingine ni habari. Wafungwa hawakuruhusiwa magazeti. Lakini waliopelekwa kufagia nyumba za maofisa waliokota vipande vya magazeti, wakasikiliza redio huku wanapangusa meza, wakarudi na habari jioni. Habari zikapita kutoka ua hadi ua. Na hapa walifanya jambo la busara ambalo sisi tumelipenda kuliko yote. Walizipa habari majina mawili. Habari iliyojulikana ilikotoka, iliyothibitishwa, waliiita Manyani Times. Habari ya kuokota, ya ati fulani kasema, waliiita Waya Times, yaani gazeti la seng'enge. Mtu akikuletea neno, unamwuliza kwanza: hii ni Manyani au ni Waya? Uongo ndani ya kambi ungeweza kuua. Mtu akizushiwa kwamba ni msaliti, wenzake wangemtenga au kumdhuru, na askari angefurahi.

Sisi wa delta hatuhitaji kufafanuliwa hili. Tarehe 22 Agosti 2012 watu zaidi ya 50 waliuawa Riketa, wengi wao wanawake na watoto, na katika majuma yaliyofuata kila kijiji kilikesha kikisubiri adui aliyesemekana yuko njiani. Wengi wenu mnakumbuka simu za usiku zile. Ni ngapi zilikuwa Manyani, na ngapi zilikuwa Waya? Kikundi kimoja kimetuambia kuwa siku hizi mwenyekiti wao hakubali neno la hatari lisomwe mkutanoni mpaka aliyelileta aseme alilisikia kwa nani. Ni utaratibu mzuri na hauna gharama.

Wanawake nao tusiwasahau. Kule Kamiti walifungwa wengine wakiwa na watoto migongoni. Katika vile vijiji vya mahandaki, mama aliyelazimishwa kuchimba kutwa nzima bila ujira bado aliiba saa ya kutafuta chakula cha watoto, na wengine walitoa kidogo hicho kuwapelekea waliokuwa msituni, wakijua kuwa wakikamatwa ni kifo. Habari zao hazikuandikwa sana, kwa sababu waandishi wengi walikuwa wanaume. Hilo ni pungufu, na lingali liko hata katika vikundi vyetu: akina mama ndio wengi, katibu ni mwanamume.

Mmoja aliyesikika kwa ajili ya wanawake alikuwa mgeni. Eileen Fletcher, mwanamke Mwingereza wa Kanisa la Marafiki, aliajiriwa na serikali kuwarekebisha wanawake na wasichana wa Kamiti. Kazi yake ilikaribiana na hii yetu ya ustawi wa jamii. Alipoona wasichana wadogo wamefungwa kifungo cha maisha, aliacha kazi, akarudi Uingereza, na mwaka 1956 akatangaza hadharani aliyoyaona. Serikali ilimwita mwongo. Tunakiri kwa unyenyekevu kwamba watu wa dini waliosema wazi namna hiyo walikuwa wachache. Wamisionari wengi, wetu na wa madhehebu mengine, waliingia kambini kuhubiri toba, na si wote waliouliza ni nani hasa aliyepaswa kutubu.

Kalamu

Kitu ambacho wakubwa wa kambi walikichukia sana ni barua. Wafungwa waliandika kwa gavana, kwa waziri wa makoloni huko London, kwa wabunge wa Uingereza. Waliandika kwa lugha ya adabu: sisi tuliotia sahihi hapa chini tunalalamika kwamba tarehe fulani, mahali fulani, fulani alipigwa na fulani. Hawakuwa na wakili, lakini walijua kwamba malalamiko yenye tarehe na jina ni mazito kuliko kilio. Kariuki alipigwa vibaya kwa sababu ya barua zake, na akaandika nyingine. Mwezi Juni 1958 barua ya wafungwa wa Lokitaung, kule Turkana, ilitolewa kwa siri ikachapishwa katika gazeti la Observer la London, ikieleza walivyonyimwa maji na chakula cha kutosha. Kutoka jangwani hadi London, karatasi moja.

Na jirani zetu wa Lamu wajue kwamba kisiwani Manda alifungwa Gakaara wa Wanjau, mwandishi wa vitabu vya Kikuyu, aliyekamatwa mwezi ule ule wa Oktoba 1952. Kwa miaka yote ya kifungo aliweka kumbukumbu za kila siku kwa siri. Aliandika nani kahamishwa, nani kaugua, wamekula nini, mkubwa wa kambi kasema nini. Kumbukumbu hizo zilichapishwa kitabu mwaka 1983, na mwaka uliofuata kikapata Tuzo ya Noma, tuzo kubwa ya vitabu vya Afrika. Tazameni jinsi alivyofanana na Ringelblum, ingawa hawakujuana.

Tarehe 3 Machi 1959

Waliobaki katika kambi iliyofungwa ya Hola walikataa kazi. Sababu yao ilikuwa wazi: hatukuhukumiwa na mahakama, sisi si wezi, na tukishika jembe tutakuwa tumekiri. Hawakumpiga mtu. Walikaa chini.

Afisa mmoja mkuu wa magereza, John Cowan, alitunga mpango wa kuwatoa kwa mafungu madogo na kuwalazimisha, kwa nguvu ikibidi. Serikali iliukubali. Asubuhi ile ya tarehe 3 Machi, watu 85 walitolewa hadi kwenye mfereji, wakazungukwa na askari wenye virungu kuliko idadi yao wenyewe. Waliokaa chini walipigwa. Waliosimama walipigwa pia. Watu 11 walikufa, na wengine wengi wakabaki na majeraha ya maisha.

Serikali ilitoa taarifa kwamba watu wamekufa baada ya kunywa maji kutoka kwenye gari la maji. Fikirini: maji ya Tana ndiyo yaliyosingiziwa! Lakini maiti zilipochunguzwa zilionekana zimevunjika mifupa. Kesi ya uchunguzi ikafanywa, wafungwa walionusurika wakatoa ushahidi, na uongo ule ukaanguka. Usiku wa tarehe 27 Julai 1959 Bunge la Uingereza lilijadili Hola mpaka usiku wa manane. Barbara Castle wa chama cha upinzani alikuwa amelishikilia jambo hili kwa muda mrefu. Lakini aliyewashangaza wote ni Enoch Powell, wa chama kile kile kilichotawala, aliyesema kuwa haiwezekani Uingereza kuwa na kipimo kimoja cha haki kwao na kingine Afrika. Hakuna aliyeshtakiwa kwa vifo vile. Hata hivyo kambi zilianza kufungwa, na mwezi Januari 1960 hali ya hatari ikaondolewa. Hola yenyewe ilibadilishwa jina ikaitwa Galole, kana kwamba jina likifa na habari hufa. Jina la Hola likarudi.

Je, wale 11 walishinda au walishindwa? Tuliuliza swali hili katika mkutano mmoja na watu hawakukubaliana. Mzee mmoja alisema: wamekufa, basi wameshindwa, mke wa mtu hali ushindi. Hatukumbishia. Kifo ni kifo, na sisi hatumshauri mtu yeyote aketi chini mbele ya virungu akitumaini Bunge la mbali litamhurumia. Tunachosema ni kwamba waliomba kitu kidogo sana, kuitwa watu wasiohukumiwa, na kwa kitu hicho kidogo serikali kubwa iliaibika kuliko ilivyoaibishwa na miaka mingi ya vita msituni.

Baada ya Miaka Hamsini

Habari haikuishia hapo. Mwaka 2009 wazee wachache wa Kenya waliishtaki serikali ya Uingereza mjini London. Mmoja wao ni Wambugu wa Nyingi, aliyenusurika Hola siku ile ile. Alieleza mahakama kuwa alipigwa hadi akazimia, akatupwa pamoja na maiti, kabla ya kugunduliwa kuwa yu hai. Serikali ya Uingereza ilijitetea kwamba ni zamani mno. Lakini mwaka 2011 ilibidi ikubali kwamba ilikuwa na mafaili mengi ya Kenya, yaliyosafirishwa kabla ya uhuru na kufichwa mahali paitwapo Hanslope Park. Ndani yake zilikuwamo barua na ripoti za maofisa wenyewe, zikithibitisha waliyoyasema wazee. Tarehe 6 Juni 2013 serikali hiyo ilieleza majuto yake bungeni na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228. Mwaka 2015 mnara wa kumbukumbu ulifunguliwa Uhuru Park, Nairobi.

Wengine hawakubahatika. Kesi nyingine ya watu zaidi ya 40,000 ilitupiliwa mbali mwaka 2018. Jaji aliona kuwa muda umepita sana, mashahidi wamekufa, na kumbukumbu za waliobaki zimefifia kiasi kwamba kesi haiwezi kuamuliwa kwa haki. Yaani hata aliyeteswa kweli alikosa, kwa kuwa hapakuwa na karatasi ya siku ile.

Ndiyo maana tunapokuja kukagua vikundi tunaanza na daftari la katibu kabla ya sanduku la pesa, na tunajua mnatucheka. Mashamba yetu ya Ozi yanaingiwa na maji ya chumvi, mipaka inabishaniwa, watu wa makampuni wanakuja na ramani na kuondoka, ahadi zinatolewa chini ya mwembe. Andikeni: tarehe, mahali, nani alikuwapo, alisema nini kwa maneno yake, na watu wawili watie sahihi au dole gumba. Wekeni nakala ya pili kwenye nyumba nyingine, maana mafuriko hayachagui.

Ofisi inazo daftari chache za jalada gumu kwa vikundi ambavyo havina. Na kama yuko mzee kijijini kwenu aliyepanda hadi Hola miaka ile, kwa mtumbwi au kwa miguu, akawaona watu wale kwenye mifereji, tafadhali katibu amkalie jioni moja na kalamu, amwandike kama asemavyo, kwa Kipokomo au Kiswahili. Tutapita Ozi boti ikipatikana baada ya mvua, na tungependa kuyasikia yakisomwa.